Taa ya Kumpisha Mkwe

Isongole, Ileje
9 Februari 2014

Mama Happy, mkamwana wangu,

Salamu. Sisi huku wazima, na nikisema sisi nina maana mimi, mbwa, na kuku wanne ambao kicheche hajawafikia. Mvua ni nyingi, mahindi yamefika kifuani, kahawa ina kutu ya majani na hakuna wa kuipulizia dawa. Mjukuu wangu Happy mnisalimie. Nasikia ana miezi minane na bado hajakaa vizuri. Kwetu mtoto wa miezi minane hutambaa mpaka barazani. Sisemi kitu.

Sasa jambo lenyewe. Mumeo Gwakisa amenipigia simu juzi akiwa na lori lake huko Kasumbalesa mpakani mwa Kongo, anapiga kelele kama anaita ng'ombe, ananiambia nifungashe vitu nihamie kwenu Tunduma, eti tangu mama yake afariki hakuna wa kunitazama. Nikamuuliza, nyumba yenu ina korido ngapi? Akasema moja. Nikamuuliza, wewe ni Mndali, au uliokotwa kwenye foleni ya malori? Katika ukoo wetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Haoni uso wangu, sioni wake, sauti yake haifiki sikioni kwangu. Tangu akuoe miaka mitatu iliyopita, ukija huku unapita nyuma ya migomba umejifunika kitenge, na maneno yetu aliyapeleka na kuyarudisha marehemu mke wangu. Tuliishi vizuri hivyo. Leo hayupo, mnataka mimi na wewe tupishane kwenye korido moja tukigusana mabega?

Akaniambia, usijali baba, mke wangu ametengeneza kompyuta ya kuwasha taa, hamtakutana. Nikakata simu.

Nakuandikia kwa sababu karatasi haina sauti, kwa hiyo sijavunja kitu. Nieleze mwenyewe hicho kichekesho. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa miaka kumi na tisa, mpaka walipoleta soko huria na kila mwenye pikipiki akawa mnunuzi. Nimesoma barua za wajinga wengi, na yako nitaimudu.

Ni mimi baba wa mume wako,
Osea


Tunduma, Majengo
2 Machi 2014

Baba mkwe, shikamoo.

Barua yako ilikaa siku kumi na moja kwa kondakta wa basi, lakini imefika. Sisi tuko salama. Happy ameota jino la pili na anakaa vizuri sana, asante kwa kutosema kitu. Foleni ya malori imefika Mpemba, nje ya mji, na baba yake yumo humohumo, hatujamwona wiki ya tatu. Jirani yangu Nesta, mshonaji, anakusalimia. Ukija, yeye ndiye atakayekuletea chakula chumbani.

Kichekesho chenyewe ni hiki. Kazi yangu, kama hukuambiwa, ni kutengeneza simu na televisheni pale karibu na stendi. Mwalimu wangu wa chuo cha ufundi alinipa kompyuta ya bodi moja. Haina kioo, haina kibodi, ni kadi tupu inayoenea kiganjani, na pembeni ina safu ya pini. Kwenye pini moja nimefunga kitufe cha kubonyeza, kwenye nyingine taa nyekundu tatu. Kitufe kitakaa ukutani kando ya mlango wa chumba chako. Kabla hujatoka unabonyeza mara moja, kompyuta inawasha taa jikoni, sebuleni na uani. Mimi nikiiona nambeba mtoto, naenda kwa Nesta. Ukisharudi chumbani unabonyeza tena, taa inazimika, narudi kwenye sufuria zangu. Uso huoni, sauti husikii. Umeme ukikatika kuna betri ya pikipiki.

Na mimi nikuulize. Gwakisa anasema mwezi wa kwanza jirani yako alikukuta siku ya pili mfululizo unatafuna mihogo mibichi, kwa sababu magoti yamekataa kuchutama mekoni. Ni kweli? Na kama ni kweli, huko unatazamwa na nani, na mbwa?

Barua ya wajinga imejibiwa na mjinga mmoja.

Mkamwana wako,
Mama Happy


Isongole
29 Machi 2014

Mama Happy,

Marahaba. Barua yako imekuja inanuka dagaa, sijui kondakta aliifungia nini. Jino la pili ni la juu au la chini? Hukusema. Bugalama, yule Msukuma anayenichungia ng'ombe wangu huko upande wa Chitete, ameleta habari kwamba jike jekundu limezaa. Jirani wa chini amefiwa na shemeji, tumezika.

Nimesoma habari ya kompyuta yako mara mbili, mara ya pili ili nicheke vizuri. Binti wa watu! Umepewa mashine yenye akili, ukaifundisha kuwasha taa! Kwenye ghala la ushirika mwaka 1978 tulikuwa na taa ya ngazi. Swichi moja chini, moja juu, unawashia huku unazimia kule, na fundi aliyeifunga hakumaliza darasa la nne. Haikuwa na programu wala betri ya pikipiki. Wewe kwa kazi ya swichi mbili umeweka ubongo. Ubongo wa nini? Taa inafikiria nini? Ndivyo mlivyo watu wa Tunduma. Kitu kikiwa kidogo, kimetoka nje, na hakuna anayekielewa, mnakiita maendeleo, mnakiwekea kitambaa juu.

Na hata kama kingefanya kazi, mimi nitangazwe kwa taa nyekundu kila nikienda chooni? Nimekuwa lori linalorudi nyuma?

Habari ya mihogo, huyo jirani ana mdomo. Muhogo mbichi nimeula tangu utoto na ni mtamu. Magoti yangu ni yangu.

Sihami. Hapa ndipo nilipomzika mke wangu, hapa ndipo watoto wangu walipozaliwa, na hakuna korido.

Hicho chumba chenyewe dirisha lake linatazama wapi? Nauliza tu.

Osea


Tunduma
20 Aprili 2014

Baba mkwe, shikamoo.

Jino ni la chini. Poleni kwa msiba. Gwakisa amerudi, amelala siku mbili, ameamka anakula kama mtu aliyefungwa.

Dirisha linatazama mashariki, jua linaingia mapema.

Kuhusu taa ya ngazi, umesema kweli. Swichi za kawaida zingetosha. Mimi nilitaka kitufe kimoja mlangoni kwako, kingine chooni na kingine uani, vyote vifanye kazi ileile bila kupasua ukuta, na pia napenda kompyuta. Hiyo ya mwisho ndiyo sababu kubwa. Wewe ulipenda vitabu vya mizani ya kahawa, na mimi nina changu.

Tarehe 3 Mei Gwakisa atapita hapo na gari la mwenzake. Amesema usipopanda atakaa barazani kwako mpaka upande. Akikaa, tajiri wake atampa lori mtu mwingine, na huyu mtoto nitamlisha programu. Kwa hiyo panda.

Kitufe kinabonyezwa kwa kidole kimoja, mara moja, taratibu. Si kama unaua chawa.

Mama Happy


Tunduma, chumba cha nyuma
14 Mei 2014

Mama Happy,

Salamu sina. Salamu za nini, na tumeshakutana!

Siku kumi nimekaa katika nyumba hii na kufanya kama ulivyoelekeza, kama mtoto wa chekechea. Leo asubuhi nimebonyeza kidude chako kwa kidole kimoja, mara moja, taratibu. Nimehesabu mpaka thelathini ili upate nafasi ya kutoka. Nimefungua mlango. Na nani yuko kwenye korido? Wewe, na beseni la nguo, kichwa wazi! Mimi shati liko mkononi, tumbo nje, mzee wa miaka sabini na moja! Hukukimbia hata. Umegeukia ukuta, umesimama hapo na beseni lako kama mwizi aliyekamatwa, na mimi nimerudi kinyumenyume nikajigonga kwenye kitasa.

Miaka mitatu marehemu mke wangu alitutunzia heshima kwa miguu yake miwili, bila umeme. Kompyuta yako imeimaliza kwa siku kumi. Yule fundi wa darasa la nne hakuwahi kunivua nguo.

Najifungia. Sitoki mpaka Gwakisa arudi kutoka Kongo. Chakula Nesta akiweke mlangoni, na barua hii ndiye atakayekupa. Wewe na ubongo wako kaeni mbali na mlango wangu.

Osea


Tunduma, jikoni
14 Mei 2014, mchana

Baba mkwe, shikamoo, na unisamehe.

Kosa ni langu, na nakueleza bila kujificha. Ndani ya kitufe kuna vipande viwili vya bati. Kidole kikibonyeza, havigusani mara moja tu vikatulia. Vinagusana, vinaachana, vinagusana tena, kwa muda mfupi ambao mimi na wewe hatuwezi kuuona. Kompyuta inauona. Wewe ulibonyeza mara moja, yenyewe ikahesabu mara mbili. Ya kwanza ikawasha taa, ya pili ikaizima hapohapo. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye beseni, sikuona hata mmweko. Jambo hili liko kwenye kitabu nilichosomea, nikaliruka, nikajiona najua. Hapo dharau zako zimenipata na nimezistahili.

Sasa nimeiambia programu, ukisikia mguso wa kwanza ziba masikio kidogo, mingine yote inayofuata papo hapo ni mtetemo, usihesabu. Nimebonyeza mara mia mbili, Nesta akihesabu kwa punje za maharage. Haijakosea.

Nilisimama pale kwa sababu nilishtuka, si kwa kukosa adabu. Nimeona aibu.

Lakini kujifungia mpaka Gwakisa arudi ni siku tisa au kumi, na choo kiko uani. Hukusema utafanyaje. Toka uote jua. Taa itawaka, na mimi sitakuwepo.

Mama Happy


Tunduma, chumba cha nyuma
6 Julai 2014

Mama Happy,

Salamu. Mimi mzima. Nimesikia mtoto anapiga makofi huko sebuleni, mwambie babu anasikia. Bugalama ametuma ujumbe kwa Gwakisa kwamba ndama ameshika majani. Baridi ya hapa si kitu, njooni Isongole mwezi huu muone baridi.

Kidude kinafanya kazi. Nimesema, na sirudii.

Mji wenu lakini! Alfajiri mashine ya kusaga ya jirani inaanza kuunguruma, haijanyamaza malori yanapiga honi, kisha wabadilisha kwacha wanapita dirishani wakiamkiana mulishani, mulishani, na wengine ni Wanyiha wa Mbozi, nawajua kwa lafudhi. Wanajifanya Wabemba wa Zambia ili wawaibie Wabemba. Kwenye ushirika watu wa aina hiyo tulikuwa tunawaandika kwenye daftari jekundu. Sasa ndio wenye ghorofa.

Nesta anapika ugali au anachanganya zege? Au ni wewe unayepika na yeye anasingiziwa? Usijibu.

Naota jua uani. Ndilo pekee hapa lisiloongea.

Osea


Tunduma, jikoni
10 Agosti 2014

Baba mkwe, shikamoo.

Happy amesimama mwenyewe jana, akashika kiti, akaanguka, akacheka. Gwakisa yuko Ndola. Ugali ni wangu.

Nina jambo na nalisema kwa adabu niliyobaki nayo. Jumapili taa iliwaka saa nne asubuhi ikazimika saa saba. Saa tatu nzima mimi na mtoto tumekaa kwa Nesta juu ya mabaki ya vitambaa. Maharage yangu yameungua mpaka sufuria imetoboka. Jumatano zilikuwa saa mbili. Ijumaa ulirudi chumbani, maana mlango niliusikia, na taa ukaiacha inawaka. Nilipomtuma Nesta akuombe uzime, ulimwambia umesahau.

Hukusahau. Mtu aliyekumbuka fundi wa mwaka 1978 hasahau kitufe cha leo. Umegundua kwamba ukibonyeza, mimi nafukuzwa jikoni kwangu, na umekipenda kitufe. Taa niliitengeneza nikupishe upite, sikuitengeneza uniamuru. Saa moja ya jua inatosha mifupa ya mtu yeyote. Naomba isizidi.

Mama Happy


Tunduma, chumba cha nyuma
11 Agosti 2014

Mama Happy,

Nyumba ni ya mwanangu. Jua ni la Mungu. Taa ni yako, uliitaka mwenyewe, ukaisifu kwenye barua kurasa mbili. Sasa inakuchosha?

Hatua zangu kutoka uani mpaka chumbani hazipimwi kwa saa yako. Sina la kuongeza.

Pole kwa sufuria.

Osea


Tunduma
23 Septemba 2014

Baba mkwe, shikamoo, na pole sana.

Nakuandikia huko Vwawa wodini kwa sababu kuna jambo ambalo Gwakisa hajui. Nilimwambia kwamba ulipoanguka mimi nilikuwa kazini stendi. Ni uongo. Happy hajambo, anakutafuta chini ya mlango wako, anaingiza vidole.

Alhamisi ile taa iliwaka saa nane mchana. Nilikuwa nimeanza kukanda unga. Nikasonya, nikanawa mikono, nikambeba mtoto, nikaenda kwa Nesta. Pale mlangoni kwake taa yetu ya uani inaonekana. Saa tisa bado inawaka. Nikasema, haya, leo tena. Kama saa tisa na nusu ikazimika. Nikainuka nirudi, sijavaa hata viatu, ikawaka. Nikakaa. Ikazimika. Nikainuka, ikawaka. Ikafanya hivyo mara nyingi, inazimika, inatulia kidogo, inawaka.

Baba, unajua nilisema nini? Nilimwambia Nesta, "Mzee wa Isongole amepata mchezo. Anahakiki kama mashine inajua kuhesabu." Nesta akacheka. Na mimi nikacheka, nikaomba chai. Nikanywa chai, baba. Kikombe kizima, na cha pili. Mwisho taa ikabaki inawaka, haikuzimika tena. Nikasema, basi alale na jiko lake, sirudi.

Saa kumi na moja kasoro mtoto akalia njaa. Nikaingia kwa hasira. Kitenge nilikiacha kwa Nesta makusudi, ili tukikutana kwenye korido tukutane, uone. Nilikuwa nimepanga hata maneno, na ni mabaya, siyaandiki.

Korido tupu. Uani hayupo mtu. Mlango wako uko wazi nusu, na mguu wako unaonekana chini.

Kitufe ulikuwa umekivuta ukutani, umekishika kifuani na waya wake. Nikakuinua. Siombi msamaha kwa kukuinua, hata huko kwenu wakinitoza nini. Naomba msamaha kwa saa tatu. Nyonga yako ilikuwa imevunjika na mimi nakunywa chai, nakudharau. Niliijenga ile taa ili tuheshimiane, na mimi mwenyewe nilipoiona niliona dharau tu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo moyoni.

Kila siku nafika mpaka getini. Nesta anaingia na chakula, mimi nabaki nje na mtoto. Chakula ni mimi ninayepika.

Mkamwana wako,
Mama Happy


Vwawa, wodi ya wanaume
29 Septemba 2014

Mama Happy,

Marahaba. Mimi sijambo kwa mtu aliyefungwa mguu kwenye jiwe la kunyoosha nyonga. Kitanda cha kulia kuna dereva anayekoroma tangu asubuhi, cha kushoto kuna mchungaji anayeniombea bila kuombwa. Karatasi hii nimeiomba kwa muuguzi na kalamu ni ya mchungaji, kwa hiyo naandika kwa kifupi.

Barua yako nimeisoma. Umekunywa chai, basi umekunywa. Ningekuwa mimi ningekunywa birika. Usijipige kifua, hujaniua. Sasa nisikilize na mimi, maana kuna sehemu huijui, na nilikuwa nimekusudia kufa nayo.

Nilibonyeza niende chooni, taa ikawaka. Kabla sijavuka mlango goti likaondoka. Nilipoanguka, nililowa. Unaelewa ninachosema. Mzee mzima, karani wa ushirika, nimelala kwenye mkojo wangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kushukuru kwamba taa inawaka na wewe hupo. Nikajaribu kuinuka. Nikamwita Nesta, mashine ya kusaga ikanimeza sauti. Nikakivuta kile kidude mpaka kikaja na waya.

Mama Happy, sikuwa nacheza. Nilizima ili urudi. Nikajitazama nilivyo, nikawasha ili ukae hukohuko. Nyonga ikauma, nikazima. Nikakumbuka wewe ni mke wa mwanangu, utanikuta hivi, utanibeba, utanifua, nikawasha. Sikumbuki ni mara ngapi. Huo ubongo uliouweka kwenye taa haukuwa na neno la kunishauri. Mwisho niliiacha inawaka. Hiyo haikuwa bahati mbaya, mkono haukuteleza. Niliamua. Nilisema bora wanikute wanaume wa mtaani jioni, au asinikute mtu.

Na wewe ukaingia taa ikiwa inawaka.

Uliingia kwa jeuri, sasa najua. Siku ile sikujua, nilidhani umeingia kwa huruma, nikakuchukia kidogo. Ulipiga magoti penye maji yale na hukukunja pua. Ulisema, "Baba, shika shingo yangu." Sauti yako ni nzito. Miaka mitatu nilidhani una sauti nyembamba, ya watu wanaopenda mashine.

Zile saa tatu za jua ulizoniandikia mwezi wa nane, nilikuwa nikikaa chini siwezi kuinuka. Ile Ijumaa nililala sakafuni, mkono haukufika kwenye kitufe. Nilimwambia Nesta nimesahau. Sasa umejua.

Nimemwambia Gwakisa amchukue yule ndama kwa Bugalama, akuletee. Katika ukoo wetu baba mkwe akitaka kumfungulia mkamwana wake, humpa mnyama, na tangu hapo wanaonana na kuongea kama watu. Mke wangu aliniambia nikupe tangu mwaka wa kwanza. Nilikataa, nilisema mwanamke wa kutengeneza simu hafai ng'ombe.

Barua hii usiijibu. Saa kumi jioni wanaruhusu wageni. Nesta abaki getini na mtoto, uingie wewe.

Osea